Duka la mtandaoni Nyeri: tangu folda ya install hadi Daraja

Programu ilitangulia, barabara ikafuata. osCommerce, programu ya bure ya kuendesha duka mtandaoni, ilianzishwa Ujerumani mwaka 2000. Mfanyabiashara wa Nyeri au Nanyuki angeweza kuipakua, lakini Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole, hadi kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa 2009. Na mteja angelipaje bila kadi ya benki? M-Pesa ilianza Machi 2007, ila duka dogo liliandika namba yake tu, kisha mwenye duka akalinganisha SMS na oda kwa mkono.

Kusakinisha osCommerce kulikuwa rahisi mno. Ukimaliza, ilikupasa ufute folda ya install na uifunge configure.php isiandikike tena. Programu yenyewe ilikuonya juu ya ukurasa. Ukiiacha folda hiyo, mgeni yeyote anaweza kulisakinisha duka lako upya, akalielekeza kwenye hifadhidata yake! Mwaka 2011 wavamizi walipenya matoleo ya zamani ya osCommerce, wakachafua mamilioni ya kurasa duniani.

Daraja ya Safaricom (jina zuri, jamani) ilikuja 2017. Sasa malipo yanaripotiwa kwenye seva yako moja kwa moja, kupitia anwani uliyoitaja. Seva ikiamini kila ujumbe unaofika hapo, mwizi ataandika "imelipwa" mwenyewe, na kahawa yako itapanda matatu ya Nairobi bure. Kabla ya kufunga mzigo, seva iiulize Safaricom hali ya muamala huo, ilinganishe kiasi na namba ya oda.