Bulbaa za Nyeri Zinagonga Nani Siku Hizi?

Wiki mbili zimepita tangu fundi mmoja wa kuchomelea hapa Nyeri anitumie ujumbe. Anataka nimfanyie video fupi ya kuonyesha bampa za chuma anazotengeneza, zile sisi wote tunaita bulbaa. Malipo ni elfu tano na kofia. Na nisimkosee heshima, kazi yake ni safi. Bomba nene, nafasi ya winchi, spotlaiti nne juu, rangi nyeusi ya kukwaruza. Nilikuwa karibu kumwambia sawa. Halafu nikakumbuka anko wangu.

Mwaka jana anko alikuwa anatoka Karatina na Hilux yake, jioni, mvua ndio imeanza. Jamaa wa bodaboda akaingia barabarani ghafla. Anko alikuwa ameshapunguza mwendo, anaapa hakuwa anafika arubaini. Gari haikupata hata mkwaruzo, na hiyo ndiyo sehemu anapenda kusimulia. Yule jamaa alivunjika mfupa wa paja na akalala hospitalini wiki nyingi. Kwa hiyo stori, kila mtu kwa boma alisema bulbaa ilisaidia. Mimi pia nilisema. Ni juzi tu nimejiuliza ilisaidia nani.

Ndio nikaanza kuchimba. Hiki kitu kilifikaje mbele ya kila pikapu hapa kwetu? Jibu lilinishtua kwa vile linaanzia karibu na nyumbani.

Usiku wa kuamkia 6 Februari 1952, binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa Treetops, ile hoteli ya juu ya mti ndani ya msitu wa Aberdare. Usiku huo babake akafariki kule kwao. Habari zilimfikia akiwa Sagana Lodge, hapa hapa upande wa Kiganjo. Alipanda mti akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia. Hii tumefunzwa mpaka tumechoka. Kile hatukufunzwa ni kilichofuata. Mwaka wa 1953, kusherehekea kutawazwa kwake, masetla wenye magari waliandaa mashindano ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yakaitwa East African Coronation Safari. Ndiyo hiyo Safari Rally unayoijua.

Sasa fikiria hayo mashindano. Barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilipita barabara ile ile na lori la kahawa, punda wa maji, ng'ombe, na mtu anayetoka sokoni. Usiku kulikuwa na pundamilia na nyati. Ukigonga kitu radieta ikatoboka, umebaki porini na matope mpaka magoti. Kwa hivyo magari yakafungwa vyuma mbele na taa kubwa. Kwa miaka mingi gari la Safari lilitambulika kwa picha hiyo: bulbaa, spotlaiti, matope. Baadaye timu kubwa zikaongeza helikopta ya kuruka mbele ya gari na kumwonya dereva kuhusu wanyama na watu. Chuma peke yake hakikutosha, hata kwao.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta akaichukua mara tano. Hawa walikuwa mastaa wa watoto wa hapa kabla ya mtu yeyote kujua jina la mchezaji wa Arsenal. Nadhani mapenzi ya bulbaa yalianzia hapo. Mtoto aliyesimama kando ya barabara kuona gari lenye uso wa chuma likipita, akikua na anunue pikapu, atataka ule uso.

Kuna kitu kingine cha 1953 ambacho hakina mashabiki. Sheria ya Trafiki, Sura 403, ni sheria nambari 39 ya mwaka huo huo, na ilianza kufanya kazi 1 Januari 1954. Mashindano na sheria ni mapacha. Na msisahau ilikuwa hali gani kwetu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, Nyeri ilijaa askari, na 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakachoma Treetops yenyewe. Cucu zetu wakati huo hawakuwa ndani ya gari lolote. Walikuwa kando ya barabara, kwa miguu.

Sheria hiyo imefanyiwa marekebisho mengi lakini kifungu cha 55 bado kipo. Kinataja taa na magurudumu kwa jina. Sehemu nyingine zote za gari kinazifunga kwa wazo moja: zisiwe katika hali ambayo kuendesha gari hilo kutahatarisha watumiaji wengine wa barabara au walio ndani. Soma hiyo tena. Wengi hudhani uhalali wa bulbaa ni kama umepatana na yule askari wa roadblock ama hamjapatana. Lakini kifungu hakiulizi kama umependeza. Kinauliza hatari, na kinamtaja aliye nje ya gari kabla ya wewe uliye ndani.

Na hatari yenyewe si siri. Bampa ya kiwandani ni plastiki, nyuma yake kuna kitu laini, na boneti imeundwa kukunjika. Ikimgonga mtu, inabonyea, na kule kubonyea ndiko kunameza nguvu. Bomba la chuma halibonyei. Nguvu yote inarudi kwa mfupa, kwa upana wa bomba tu. Kwa mtu mzima ni paja au nyonga. Kwa mtoto wa darasa la pili ni kifua au kichwa. Hata wewe dereva hujapona: chuma kilichofungwa kwa chesisi kinapeleka mshtuko ndani badala ya kuumaliza mbele, na kinaweza kuvuruga wakati ambao mfuko wa hewa unapaswa kufunguka. Kila mwaka takwimu za NTSA zinatoka, na waenda kwa miguu ndio wanaongoza kwa vifo. Hao ndio tunawagonga. Sio nyati.

Najua mtaniambia, lakini huku kwetu kuna wanyama. Haya, tuongee wanyama. Hapa ndipo historia inakuwa tamu.

Mwaka wa 1989, wapenda magari ya porini walianzisha Rhino Charge. Ukiwahi kuona picha zake unajua: Land Rover na Land Cruiser zilizojengwa upya, bampa za chuma, winchi, gari limesimama wima kwenye mwamba. Pesa zilienda kwa Rhino Ark, kwa kazi ya kuweka ua wa umeme kuzunguka Aberdare ili ndovu na nyati wabaki msituni na mahindi yabaki shambani. Ua huo, karibu kilomita 400, ulikamilika 2009, wakati Mwai Kibaki, mtu wa Othaya, akiwa rais. Yaani magari yenye bulbaa ndiyo yaliyochanga pesa za kuondoa ndovu mbele ya bulbaa yako.

Ukipita Nanyuki kuelekea Meru, ni hadithi hiyo hiyo. Tangu 2011 ndovu wanavuka chini ya barabara, kwenye njia waliyojengewa kati ya Mlima Kenya na nyanda za Laikipia. Gari linapita juu, ndovu anapita chini, hakuna anayemsumbua mwenzake.

Sisemi bulbaa haina kazi popote. Mtu wa ranchi kule Laikipia anayeendesha usiku kwenye vichaka, askari wa wanyamapori, hao niko nao. Australia bado wanazifunga kwa sababu ya kangaruu, na wana viwango vya kuzitengeneza. Lakini Ulaya walizibana: kufikia 2007, iliyofungwa kwa gari jipya ilibidi ipite majaribio ya usalama wa mtu wa miguu. India wakaamua moja kwa moja Desemba 2017 kuwa ni ubadilishaji wa gari usiokubalika kisheria. India, wenye ng'ombe barabarani kutuliko! Sisi gari halitoki Nyeri mjini isipokuwa harusi ikiwa Mweiga, na lina chuma cha kupambana na faru.

Jana nilimrudia fundi. Nilimwambia ukweli kuhusu anko na yule jamaa wa boda, nikamuuliza kama anaweza kutengeneza kitu laini, chenye kubonyea, nitangaze hicho bure. Alinyamaza kidogo.

"Kijana wangu," akasema, "mteja akija hapa anaigonga na ngumi kwanza. Isipomuuma, haichukui."

Ile kofia amesema nikae nayo tu. Bado iko kwa begi, sijaivaa.