Kipupwe Kilichopita Bila Sweta

Sweta la babu ni la rangi ya kahawia, limetoboka kiwiko cha kulia, na kila mwaka hutolewa sandukuni mwezi Juni. Mwaka jana halikutolewa. Hapa Kasingirima kipupwe kizima kilipita tukiwa tumevaa mashati mepesi. Asubuhi ziwa lilikuwa shwari, jioni watoto walioga bila kutetemeka, na sisi tuliokuja likizo kutoka chuoni tulisifu hali ya hewa. Babu peke yake ndiye aliyenuna.

"Kusi halijavuma," alisema. "Mtakula nini?"

Nilimwelewa Oktoba, baba mdogo aliponipigia simu. Usiku wa giza, ambao ndio wa kuvua, alikuwa akiwasha taa mpaka alfajiri na kurudi na dagaa wasiofika nusu karai. Ada ya mdogo wangu ikachelewa. Sasa kipupwe kingine kinakaribia, na baba mdogo amepata mtu wa kununua mtumbwi na injini yake. Kimeitwa kikao cha familia, na kwa kuwa nasomea shahada ya uzamili ya historia, swali likaletwa kwangu: "Wewe msomi, kusi litarudi?"

Historia ya Ujiji niliyofundishwa ni ya watu waliofika. Burton na Speke walifika Februari 1858. Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Yeye aliandika kuwa ilikuwa 10 Novemba, wakati shajara ya Livingstone inaiweka siku hiyo Oktoba. Mabwana hao walikuwa wamepotelewa na hesabu ya siku. Nadhani wavuvi waliokuwa pwani ya Ujiji siku ile hawakuwa na kalenda, lakini walijua kusi limeisha lini.

Upepo wenyewe haukupewa sura katika vitabu vyangu. Ilibidi niutafute kwingine, na nikaukuta kwenye samaki. Migebuka tunayoila kwa ugali huitwa na wanasayansi Lates stappersii, kwa heshima ya Louis Stappers, daktari Mbelgiji aliyelichunguza ziwa hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vipimo vya joto la maji vya mwaka 1913 vimebaki, na watafiti wa leo huvitumia kulinganisha. Maji yamepata joto, hata yale ya kina cha mamia ya mita.

Kwa nini hilo limsumbue mvuvi? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na halijichanganyi lote. Maji ya juu ni ya vuguvugu na mepesi. Ya chini ni baridi, mazito, hayana hewa, lakini yamehifadhi rutuba. Kusi likivuma, kuanzia Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini yale ya chini hupanda. Upepo ukitulia, maji huyumba huku na huku kwa wiki kadhaa, kama maji ya karai lililobebwa na mtoto. Rutuba inayofika juu hukuza vimelea vya kijani, wadudu wadogo huvila, dagaa huwala wadudu, migebuka huwala dagaa. Maji ya juu yanapozidi kupata joto, yanazidi kuwa mepesi kuliko ya chini, na upepo uleule unashindwa kuyachanganya. Upepo ukiwa dhaifu pia, hasara ni mara mbili.

Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake. Walikadiria kuwa uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba samaki wangeweza kupungua kwa takriban asilimia 30. Baadaye, mwaka 2016, Andrew Cohen na wenzake walisoma mabaki ya samaki kwenye tope la chini ya ziwa, wakaona kuwa kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa katikati ya karne iliyopita.

Hii haina maana kwamba sisi hatuna lawama. Babu mwenyewe anazitaja nyavu za matundu madogo kwa hasira kuliko ninavyoweza mimi. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na aliunga mkono ingawa mifuko ilikauka. Ila kusimamisha nyavu kunawezekana kwa tangazo. Upepo hausikii tangazo.

Basi kikaoni nilisema nilichoweza kusema. Sijui kama kusi litarudi mwaka huu. Historia haitabiri upepo. Kipupwe kimoja kuwa chepesi kinaweza kuwa bahati mbaya tu, na mtu hauzi chombo kwa sababu ya bahati mbaya. Lakini joto lililopanda kwa karne nzima si bahati, kwa hiyo tusikope kununua mtumbwi wa pili, na ada za wadogo zangu zisitegemee ziwa peke yake.

Baba mdogo alicheka. "Umejibu kama mwanasheria. Niuze au nisiuze?"

"Usiuze mpaka Oktoba," nilisema, na sauti yangu haikuwa na uhakika niliotaka iwe nao. Ikiwa nimekosea, atakuwa amempoteza mnunuzi kwa neno langu.

Babu hakuchangia. Kikao kilipoisha aliniita chumbani, akafungua sanduku, akanipa lile sweta. Alitaka nishone kiwiko, kisha nilifue.

"Likikaa tayari," alisema, "na mimi nitakuwa tayari."

Nimelianika uani tangu asubuhi. Limeshakauka, na kamba haitikisiki. Nimekulia kwenye nyumba ambayo kila Julai ililalamikia baridi, na leo nasimama hapa nikiisubiri kama mgeni aliyeahidi kuja na chakula.