Bunduki ya Mara na Mkono wa Dola

Kila yanapotokea mauaji ya watu wengi mkoani Mara, maelezo mawili huwahi kufika magazetini kabla ya uchunguzi wenyewe kukamilika: kwamba wenyeji wa mkoa huo ni wakali kwa asili, na kwamba silaha zimezagaa mikononi mwao. Maelezo ya kwanza hayastahili mjadala mrefu, kwa kuwa yanawatia kapu moja Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakwaya, Wangoreme, Wajaluo na wengine wengi, kisha yanayageuza mapigano ya koo za Tarime kuwa ndiyo maisha ya kila siku ya mvuvi wa Musoma na mkulima wa pamba wa Bunda. Maelezo ya pili yana ukweli, ila ni nusu yake tu, kwa sababu hayasemi silaha hizo zilitoka wapi wala ni nani aliyewafundisha vijana wa Mara kuzitumia.

Udhibiti wa silaha za moto, yaani sheria na taratibu zinazoamua nani amiliki bunduki, kwa kazi gani na kwa masharti gani, ni mkongwe kuliko Tanzania yenyewe. Mkutano wa Brussels wa 1889 hadi 1890, ulioitishwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, uliyafunga mataifa ya Ulaya kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, na bila shaka mataifa hayo hayakusahau kwamba bara lisilo na bunduki hutawalika kwa urahisi zaidi. Chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, mwanakijiji alibakiwa na mkuki, upinde na gobore, ile bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni, ilhali bunduki ya kisasa ilikuwa mali ya askari, ya setla na ya mwindaji mwenye leseni.

Hata hivyo, serikali iliyomnyima mwanakijiji bunduki ndiyo iliyomkabidhi mwanawe mara tu alipovaa sare. Mara ikawa miongoni mwa sehemu zilizotoa askari wengi kwa jeshi la King's African Rifles, na baadaye kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kiasi kwamba utumishi wa jeshini ukawa njia ya kawaida ya kijana kupata mshahara na ng'ombe wa mahari. David Musuguri, aliyezaliwa Butiama mwaka 1920, aliingia katika jeshi hilo la kikoloni mwaka 1942, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda, na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Safari yake ilikuwa ya heshima kubwa, lakini nyuma yake walikuwapo maelfu waliojifunza kulenga shabaha kwa gharama ya serikali na kurudi vijijini bila cheo wala pensheni ya kutosha.

Vita hivyo vya Kagera, vilivyoanza majeshi ya Uganda yalipoivamia Tanzania mwishoni mwa 1978, vilibadili mambo kwa kasi. Jeshi lilipanuliwa upesi kwa kuingizwa wanamgambo, yaani raia waliopewa mafunzo ya kijeshi, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na wapiganaji wakaanza kurejea. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake kuhusu wizi wa mifugo miongoni mwa Wakurya kilichotoka mwaka 2000, ameonyesha jinsi silaha za vita hivyo zilivyougeuza wizi huo kuwa wa bunduki. Mwaka 1979 pia, kwa Wakaramojong wa kaskazini-mashariki mwa Uganda, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na jamii ya wafugaji wa mikuki ikawa ya wafugaji wa bunduki. Katika maeneo yote mawili, bunduki ya mwizi wa ng'ombe ilipitia kwanza katika ghala la serikali.

Fleisher aliona pia jambo ambalo waandishi wa habari hulipita haraka, kwamba wizi wa mifugo wa karne ya 20 haukuwa tena mila ya vijana kuonyesha ushujaa, bali biashara ya nyama, yenye wanunuzi na wasafirishaji, na yenye mpaka wa Kenya ulio karibu kiasi cha kuufanya mzigo upotee kabla ya mapambazuko. Kinga ya wananchi ilikuwa utaratibu ambao vijiji vingi vya Mara huuita lwayo, ambapo wenye mali hufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, na kijiji ambamo nyayo hizo zinapotelea hulazimika kulipa. Utaratibu huo uliwarudishia wengi mifugo yao, lakini uliwatoza wasio na hatia na kuacha vinyongo kati ya kijiji na kijiji. Sungusungu, jeshi la jadi lililoanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutambuliwa na sheria mwaka 1989, nalo lilienea Mara likiwa na sifa na dosari hizo hizo.

Ndani ya historia hiyo ndipo pa kuyaweka mauaji ya Buhare, pembezoni mwa mji wa Musoma, ambako usiku mmoja wa Februari 2010 watu 17 wa ukoo mmoja, watoto wakiwamo, waliuawa katika shambulio lililohusishwa na kisasi cha wizi wa mifugo. Silaha kuu ilikuwa panga, chombo ambacho hakiandikishwi popote na kinauzwa katika kila duka la vifaa vya shamba. Taifa lilishtuka, viongozi wakatuma rambirambi, magazeti ya Dar es Salaam yakapeleka habari hiyo ukurasa wa mbele, na baada ya mazishi habari ikapungua hadi kuwa aya chache za mahakamani. Msomaji aliambiwa idadi ya maiti na jina la mkoa, lakini mara chache aliambiwa namna soko la ng'ombe wa wizi linavyofanya kazi, wala kwa nini jamii iliyoibiwa ilikata tamaa na polisi.

Ghadhabu ya umma ilizaa matokeo makubwa zaidi pale aliyeua alipokuwa mtumishi wa dola. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili na silaha haramu katika maeneo yanayozunguka hifadhi nchini, suala linaloigusa moja kwa moja Bunda, ambayo baadhi ya vijiji vyake vinapakana na Hifadhi ya Serengeti. Malalamiko ya mateso, mauaji na uporaji wa mifugo yalifika bungeni kupitia wabunge na vyombo vya habari, operesheni ikasitishwa ndani ya wiki chache, na Desemba 20, 2013, baada ya taarifa ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na mbunge James Lembeli, mawaziri wanne walipoteza nafasi zao. Ni nadra katika historia ya Tanzania kwa msako wa bunduki kuwaangusha mawaziri, na haikutokea kwa sababu ya bunduki zilizokamatwa.

Tofauti na nchi nyingine ni kubwa. Uingereza ilipiga marufuku bastola nyingi za kiraia mwaka 1997 kwa sababu wazazi wa Dunblane, ambako watoto 16 na mwalimu wao waliuawa Machi 1996, hawakukubali kunyamaza, na Australia ilibadili sheria zake miezi michache baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur Aprili mwaka huo huo. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, ilitokana zaidi na wajibu wa kimataifa, hasa Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, kuliko kilio cha kijiji chochote. Ni sheria nzuri kwa kiasi chake, kwani inadai silaha zitiwe alama na ziandikishwe, ila haikutungwa kwa kuisikiliza Buhare.

Agosti 25, 2021, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam kabla hajauawa mwenyewe, na picha za simu zilienea nchini ndani ya saa chache. Mjadala wa umiliki wa silaha uliofuata ulikuwa mkali kuliko ule wa mwaka 2010, ingawa waliokufa Musoma walikuwa mara nne zaidi; mauaji ya mjini yalikuwa na kamera, ya kijijini yalikuwa na makaburi tu. Mwaka 2022 na tena 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ilitangaza msamaha kwa watakaosalimisha silaha kwa hiari, zikiwamo zile zilizoachwa na marehemu, na redio zikalitangaza tangazo hilo kote nchini.

Kwa kuwa sasa sheria inadai kila silaha iwe na alama yake, wahariri wa magazeti na redio za Musoma na Bunda wana swali la kumuuliza kamanda wa polisi kila anapoonyesha bunduki iliyokamatwa: namba yake ni ipi, na mara ya mwisho ilikuwa katika ghala la nani?