Uchachu wa Udongo: Kipimo Chake Kilitoka Wapi?

Ndugu mkulima, umepanda mahindi kwa mistari, umepalilia kwa wakati, umeweka mbolea, na mvua haikukosa. Lakini mahindi yamedumaa na majani yana rangi ya zambarau. Wengine watakwambia ni mkono wa mtu. Haya, kabla hujagombana na jirani, uulize udongo kwanza. Huenda umekuwa mchachu mno.

Udongo unaulizwaje? Kwa kipimo kiitwacho pH. Kipimo hiki kina historia ndefu, na historia hiyo inaanzia kwenye mambo unayoyaona nyumbani kwako. Mchuzi wenye manjano ukimwagikia nguo nyeupe, huacha doa la njano. Likipakwa sabuni, doa hugeuka jekundu! Likikamuliwa ndimu, hurudi njano. Sabuni ni jamii ya magadi, ndimu ni jamii ya tindikali, na rangi ndiyo inayotupa habari.

Mwaka 1664, mtaalamu Robert Boyle alichapisha kitabu juu ya rangi huko Uingereza. Alieleza kuwa maji ya maua fulani ya urujuani yakitiwa tindikali huwa mekundu, na yakitiwa vitu vya jamii ya magadi huwa ya kijani. Baadaye wataalamu wakazoea litmasi, ambayo huwa nyekundu penye tindikali na buluu penye magadi. Rangi ya litmasi hutokana na mimea midogo mikavu inayoota kama ndevu juu ya miti na mawe. Hata pwani yetu inahusika, maana katika karne ya 19 mimea ya jamii hiyo ilivunwa huku na kupelekwa Ulaya kupitia Unguja, hasa kwa kutia nguo rangi.

Wakulima nao hawakulala. Huko Virginia, Marekani, mashamba yalikuwa yamechoka. Mwaka 1818, Edmund Ruffin, mwenye shamba kubwa, alianza kumwaga shambani udongo wenye makombe ya kale, ambao una chokaa. Kazi ya kuuchimba ilifanywa na watumwa. Mazao yakaongezeka, na mwaka 1832 akaandika kitabu juu ya jambo hilo. Ruffin aliutambua ugonjwa na dawa yake, lakini hakuwa na namba ya kumwonyesha ugonjwa umefikia wapi.

Namba hiyo ilipatikana mwaka 1909. S. P. L. Sørensen alikuwa mkuu wa idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg, mjini Copenhagen, Denmaki. Maabara hiyo ilianzishwa na mwenye kiwanda cha bia. Katika uchunguzi wake, Sørensen aliona kuwa uchachu ukibadilika kidogo tu, kazi nzima hubadilika. Ndipo akatunga kipimo cha pH. Mwaka 1934, Arnold Beckman wa California alitengeneza mashine ya umeme ya kupima uchachu wa maji ya malimau, kwa sababu dawa ya kuyahifadhi ilikuwa ikiharibu rangi za karatasi.

Sasa, namba zenyewe zinasemaje? Kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni hali ya magadi. Lakini angalia sana: kila hatua moja ni mara kumi. Udongo wa pH 5 ni mchachu mara kumi kuliko wa pH 6, na mara mia kuliko wa pH 7. Usiidharau namba moja!

Mahindi na maharage hustawi zaidi kati ya 5.5 na 7. Chini ya 5.5, madini ya alumini huyeyuka na kudhuru mizizi, na fosforasi uliyoinunua kwa fedha yako hufungwa udongoni. Hapo unaongeza mbolea lakini mmea haushibi. Tena mbolea ya S/A ikitumiwa mwaka hadi mwaka, yenyewe huongeza uchachu. Chai, kwa upande wake, hupenda udongo mchachu, kwa hiyo dawa ya shamba moja si dawa ya kila shamba.

Basi, usikimbilie chokaa kwa kubahatisha. Chokaa ikizidi, mimea hukosa zinki na chuma. Chukua udongo sehemu kumi au zaidi za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi, uanike kivulini. Chota kiasi cha nusu kilo, umpelekee bwana shamba au bibi shamba, naye atakuelekeza penye maabara. Kituo cha utafiti cha Mlingano, mkoani Tanga, ni mojawapo ya vituo vinavyoshughulika na udongo.

Kumbuka, ndugu mkulima: pima kwanza, mwaga baadaye. Tukutane kipindi kijacho.