Fedha za Hisani, Hukumu ya Utafiti

Januari 1938 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, aliyepooza miguu tangu 1921, alianzisha mfuko wa kupambana na polio. Wananchi waliombwa kutuma sarafu za senti kumi Ikulu, nazo zikamiminika. Rockefeller Foundation ya 1913 ilikuwa imejengwa juu ya mali ya tajiri mmoja. Mfuko huu wa polio, kinyume chake, uliishi kwa vichango vya watu wa kawaida.

Vichango hivyo vililea maabara ya mtafiti Jonas Salk, na 1954 chanjo yake ya polio ikawa tayari kujaribiwa shuleni. Je, mfuko ulioigharamia chanjo na kuwatia matumaini wachangiaji ungefaa pia kuamua kama inafanya kazi? Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Kwa hiyo tathmini alikabidhiwa Thomas Francis wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyewahi kumfundisha Salk, naye akadai uhuru kamili.

Mfuko ulipendekeza kuchanja darasa la pili na kulilinganisha na la kwanza na la tatu. Francis aliona kasoro: madaktari wangejua nani kachanjwa, na ujuzi huo ungeathiri namna wanavyotambua ugonjwa. Alitaka baadhi ya watoto wadungwe sindano isiyo na chanjo, bila mtoto wala daktari kujua. Mwishowe njia zote mbili zilitumika, watoto wapatao milioni 1.8 wakishiriki, na matokeo yakatangazwa 12 Aprili 1955: chanjo inakinga.

Ridhaa haikulindwa kwa ukali huo. Fomu ya wazazi iliandikwa kana kwamba wao ndio walioomba mtoto ashiriki. Kabla ya hapo, Salk alikuwa amejaribu chanjo kwa watoto wenye ulemavu wa akili waliotunzwa katika taasisi ya serikali ya Pennsylvania, ambao hawakuwa na uwezo wa kujiamulia.

Ubaya zaidi ulikuwa Alabama. Tangu 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600, wengi wao wakiwa na kaswende, bila kuwaeleza ukweli wala kuwatibu, hata penisilini ilipopatikana. Kuanzia 1935 mfuko wa hisani wa Milbank ulilipia mazishi yao, sharti familia ziruhusu maiti kupasuliwa. Kwa maskini, msaada huo ulikuwa mtego. Utafiti ulikoma 1972 baada ya kufichuliwa magazetini. Milbank iliomba radhi 2022.

Fedheha hiyo iliharakisha sheria ya Marekani ya 1974 ya kuwalinda washiriki wa utafiti, miaka kumi baada ya Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia kuhusu maadili ya utafiti. Leo huko Kilifi, Kenya, ambako fedha za mfuko wa Wellcome wa Uingereza zimefadhili utafiti pamoja na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, tangu 1989, mradi hupimwa pia na kamati ya maadili ya nchini humo, na wawakilishi waliochaguliwa na wakazi hutoa maoni yao.

Mfadhili mwadilifu, basi, hatambuliwi kwa ukubwa wa hundi. Hutambuliwa pale anapokubali kwamba mradi alioupenda na kuulipia unaweza kukataliwa na watu asiowaamuru, na kwamba mgonjwa akisema hapana hapotezi tiba wala sanda.