Kenya: Mswada wa kodi ulivyowakutanisha waliogawanywa na siasa mitandaoni

Mwezi Juni 2024, Wakenya ambao kwa miaka mingi walikuwa wakitupiana maneno mitandaoni kwa sababu ya vyama na makabila walijikuta wakisoma waraka mmoja. Ulikuwa Mswada wa Fedha, ambao serikali ya Rais William Ruto ilikusudia kuutumia kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 300 za ziada. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate, na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Mkate huliwa Nyeri na huliwa Kisumu, na muuzaji hamuulizi mteja kama mwaka 2022 alimpigia kura Ruto au Raila Odinga.

Uzito wa jambo hili unaeleweka vyema kwa kurejea nyuma. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafanya takriban 600,000 kuyahama makazi yao, huku ujumbe mfupi wa simu ukitumika kueneza chuki ya kikabila. Sheria ya mwaka 2008 iliunda Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, yenye jukumu la kupambana na matamshi ya chuki. Hata hivyo, kila uchaguzi ulipokaribia, lugha ileile ilirudi, safari hii kupitia Facebook na WhatsApp.

Kilichobadilika mwaka 2024 kilianza na lugha. Mswada uliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na yeyote aliyewahi kutafsiri habari za kodi anajua jinsi sentensi moja ya aina hiyo inavyoweza kumla mtu asubuhi nzima. Vijana waliifanya kazi hiyo bila malipo. Kwenye TikTok walieleza vipengele kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama. Kwenye mijadala ya sauti ya mtandao wa X, mawakili na wahasibu walijibu maswali hadi usiku wa manane. Walijitambulisha kuwa hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Aliyeleta ugomvi wa vyama alirudishwa kwenye swali: kifungu kinasemaje?

Si kila kilichofanyika kilikuwa cha kupongezwa. Namba za simu za wabunge zilisambazwa, nao wakamiminiwa ujumbe, baadhi yake ukiwa matusi matupu.

Juni 18, maandamano yalipoanza Nairobi, kodi ya mkate iliondolewa. Wiki moja baadaye, Juni 25, wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106 walioupinga, na waandamanaji wakaingia bungeni. Polisi walifyatua risasi za moto. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa tangu maandamano yaanze. Juni 26 Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo.

Baada ya hapo waraka uliowaunganisha watu haukuwapo tena, na mjadala ukarudi kwa majina. Julai 24 Ruto aliwateua wanasiasa wa upinzani, akiwamo John Mbadi katika Wizara ya Fedha, na wafuasi wa pande mbili wakaanza kuulizana nani kamsaliti nani. Oktoba Seneti ilimwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, na majibizano kuhusu Mlima Kenya yakashika kasi upya. Ni vigumu kuwalaumu vijana kwa hilo: kifungu cha sheria kinaweza kusomwa na wote, lakini uteuzi wa mtu kila mmoja huusoma kwa macho ya kwao.

Mei 2025, Mswada mwingine wa Fedha ulipokuwa mbele ya bunge, mtengeneza programu mmoja alikamatwa Nairobi kwa kuunda tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma bungeni barua pepe za kuupinga. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 118, inalitaka bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Mwezi uliofuata mahakama iliyatupilia mbali mashtaka dhidi yake.