Kinanda cha Mdomo na Ufundi wa Bluzi

Huenda, msomaji, umepata kukiona kinanda cha mdomo dukani ukakidharau, ukidhani ni kichezeo cha watoto. Usihukumu kabla hujasikia habari zake.

Mwaka 1857, Matthias Hohner, fundi wa saa wa mji wa Trossingen, Ujerumani, alianza kutengeneza vinanda hivyo. Vilikuwa vidogo, rahisi kwa bei, na sauti zake zilipangwa kwa nyimbo za nchi yake. Vilipovuka bahari viliingia mikononi mwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, ambao wao au wazazi wao walikuwa watumwa hata mwaka 1865. Maskini hana fedha za piano. Kinanda hiki kilimtosha, kikakaa mfukoni mwake.

Lakini baadhi ya sauti za majonzi zilizotakiwa na nyimbo zao, ziitwazo bluzi, hazikuwamo katika kinanda. Basi wapigaji walizitafuta katika kuvuta pumzi. Mtu avutapo pumzi huku akigeuza umbo la ulimi na kinywa, sauti hushuka kidogo kidogo, ikalia mithili ya binadamu. Hivyo walikitoa kinandani kile ambacho fundi hakukitia.

Mara nyingi mwimbaji wa bluzi hutamka mstari, huurudia, kisha mstari wa tatu hujibu. Na yote hutimia katika vipimo 12 vya mapigo manne manne. Kila mstari huacha nafasi nyuma yake, na humo kinanda hujibu maneno ya mwimbaji. Jibu hilo halikuandikwa popote. Hubuniwa papo hapo.

Je, kubuni ni kupuliza ovyo? Hasha! DeFord Bailey, aliyezaliwa Tennessee mwaka 1899, aliugua polio utotoni, akajizoeza kuiga wanyama na garimoshi kwa kinanda chake. Alivuma redioni mjini Nashville, lakini mwaka 1941 aliachishwa kazi, akaishi kwa kung'arisha viatu. Riziki ilikatwa, ufundi haukunyang'anyika.

Little Walter, mzaliwa wa Louisiana wa mwaka 1930, alisikiliza kwa makini kinanda cha John Lee Williamson na saksafoni ya Louis Jordan. Huko Chicago alifumbata kinanda na kipaza sauti pamoja viganjani, na mwaka 1952 akarekodi "Juke", wimbo usioimbwa neno hata moja. Ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za namna hiyo kwa majuma 8.

Malenga wetu hajibu shairi jukwaani mpaka mizani na vina vimekaa moyoni mwake. Ndivyo alivyo mpiga bluzi. Nawe ukitaka kubuni, msomaji, anza kwa kusikiliza. Uhuru wa fundi huzaliwa na utii wa mwanafunzi.